Quad 405 ya Mzee wa Chumbageni: je, inahitaji priamplifaya?

Mwenye kisa ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Chumbageni, Tanga. Binti yake anayeishi Leicester, Uingereza, alimletea amplifaya ya nguvu aina ya Quad 405 iliyokwisha kutumika. Nyumbani tayari palikuwa na spika mbili za ohm 8, mashine ya santuri yenye mwendo wa 33, 45 na 78, televisheni, na DAC ndogo (kifaa kinachogeuza muziki wa dijitali kuwa umeme wa sauti) inayopokea muziki wa intaneti kwa Wi-Fi. Vyote vizima. Lakini vilipounganishwa mambo yalikwenda mrama. Muziki wa intaneti ulitoka kwa kishindo hata voliumu ya kwenye simu ikiwa chini, usiku spika zilitoa mlio wa "ssss" usiokatika, na santuri zilisikika kwa mbali, nyembamba, hazina besi hata kidogo.

Fundi mmoja wa mjini aliyaunganisha malalamiko yote matatu na kuyapa dawa moja: "Mzee, wewe huna priamplifaya. Mtambo huu bila priamplifaya hauendi." Bei aliyotajiwa ndiyo iliyomfanya Mzee anipigie simu. "Mwanangu," aliniuliza, "niuze nini ili ninunue hicho?"

Fundi hakuwa ametunga uongo. Amplifaya ya nguvu kweli haina voliumu, haina swichi ya kuchagua, haina mahali pa santuri. Tatizo ni kwamba malalamiko matatu yalikuwa na sababu tatu tofauti, na moja kati ya hizo ingezidishwa na priamplifaya badala ya kuponywa. Ndiyo maana naona kisa hiki kinafaa kuandikwa chote, pamoja na hesabu zake.

Kazi zilizomo ndani ya sanduku moja

Priamplifaya hufanya kazi kadhaa kwa mkupuo. Huchagua chanzo kipi kisikike. Huongeza na kupunguza sauti. Hukuza volti ya chanzo kilicho dhaifu. Husukuma waya mrefu bila sauti kufifia. Za zamani, karibu zote, zina chumba cha santuri (sehemu ya kukuza na kusahihisha sauti ya santuri) ndani yake, na nyingi zina vizungushio vya besi na trebo. Mtu akiuliza "nahitaji priamplifaya?" mimi humrudishia swali: katika kazi hizi, ipi hapo kwako haina mfanyaji? Ukishajua hilo, mara nyingi unakuta kazi mbili tu ndizo zilizobaki wazi, nazo zinaweza kufanywa na vitu vidogo viwili visivyofika bei ya sanduku kubwa.

Kwa Mzee tulianza na ile kazi inayotajwa zaidi na kueleweka kidogo, yaani ukuzaji wa volti.

Nguvu ilikuwa imezidi

Quad 405 ilitoka mwaka 1975. Ni ile yenye mapezi ya kupozea usoni, na usanifu wa Peter Walker, mwanzilishi wa Quad, na wenzake ambamo amplifaya ndogo safi husahihisha kazi ya transista kubwa zinazomwaga mkondo. Hutoa wati 100 kwa kila upande kwenye ohm 8, na kufika hapo inahitaji volti 0.5 tu mlangoni, yaani pale sauti inapoingia. Namba hiyo ya 0.5 ndiyo ufunguo wa kisa kizima.

Wati 100 kwenye ohm 8 ni volti 28.3. Gawanya kwa 0.5, unapata karibu 57. Kila kinachoingia kwenye amplifaya hii hutoka kikiwa kimekuzwa mara 57, sawa na desibeli 35 (desibeli ni kipimo cha uwiano wa ukubwa wa sauti). Amplifaya nyingi za nguvu za leo hukuza kati ya desibeli 26 na 29, yaani mara 20 hadi 28. Wala si kasoro ya Quad. Mwaka 1975 vyanzo vilikuwa redio, tepu na santuri, volti zao zilikuwa ndogo, na priamplifaya ya nyumba hiyohiyo, Quad 33 ya mwaka 1967, ilitengenezwa itoe hiyohiyo volti 0.5. Viwili hivyo vilipimana.

Kisha mwaka 1982 ikaja CD, na pamoja nayo desturi ya kutoa volti 2 pale rekodi inapofika kilele. DAC zimeirithi desturi hiyo. DAC ya Mzee nayo, kwa mujibu wa karatasi yake, hutoa volti 2. Mlango unaotaka nusu volti unaletewa mara nne yake. Ziada hiyo ni desibeli 12.

Ione kwa wati. Muziki wa kawaida, kwa wastani, hukaa kama desibeli 18 chini ya kilele. Kwa DAC hii, hiyo ni volti 0.25. Zidisha kwa 57, volti 14 zinafika kwenye spika: wati 25 za wastani, mfululizo, sebuleni, na vilele vyote vimekatwa vichwa kwa sababu amplifaya haina volti za kuvifikisha. Spika za Mzee zina ufanisi wa desibeli 87 kwa wati moja, umbali wa mita moja. Kusikiliza kwa raha anahitaji wati moja, na mara nyingi chini ya hapo. Wati moja ni volti 2.83 kwenye spika, maana yake milivolti 50 mlangoni. Milivolti 50 kutoka kwenye chombo kinachotoa volti 2!

Hapo ndipo lilipoeleweka lalamiko la kwanza. Voliumu ya kwenye simu ilikuwa inafanya kazi yake katika kona moja finyu kabisa ya mwanzo, na kidole kikiteleza kidogo nyumba nzima inashtuka. Ukimwekea mtu huyu priamplifaya inayokuza mara 5 au 10, kama zilivyo nyingi, umemuongezea ziada juu ya ziada. Itambidi aishushe zaidi, na kizungushio kitakuwa kinaamka chote katika robo ya kwanza ya mzunguko. Kwa kazi ya ukuzaji, jibu lilikuwa hapana, bila shaka yoyote.

Mlio wa "ssss"

Huu tuliusaka kwa mikono. Kwanza, voliumu ya DAC ilishushwa hadi sifuri. Mlio ukabaki palepale, haukupungua wala kuongezeka. Basi hautoki kwenye muziki. Pili, amplifaya ilizimwa, waya wa DAC ukatolewa, na mlangoni tukaweka plagi ambayo ncha yake ya katikati imeunganishwa na ardhi yake, ili mlango uwe mtupu kweli. Tukawasha. Mzee aliweka sikio kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, akatulia, akasema, "Haina kitu." Quad, pamoja na umri wake, ilikuwa kimya. Mlio ulikuwa wa DAC.

Karatasi ya DAC inadai kwamba kelele yake iko desibeli 92 chini ya volti 2. Hiyo ni kama mikrovolti 50, kitu kidogo mno. Lakini ikikuzwa mara 57 inakuwa milivolti 2.8 kwenye spika, na hiyo iko desibeli 60 chini ya ile wati moja. Spika ya desibeli 87 itatoa kelele ya desibeli 27 ukiwa mita moja kutoka kwayo. Mchana hutaisikia. Usiku wa Chumbageni, feni imezimwa, utaisikia.

Kuna dhana iliyoenea kwamba voliumu ya dijitali huharibu muziki kwa sababu "inakula biti". Kwa kisa hiki dhana hiyo haina nafasi. Muziki wa biti 16 unapoingia kwenye DAC ya biti 24, kuna desibeli 48 za kushusha kabla biti yoyote ya rekodi haijaguswa, kwa kuwa kila biti ni desibeli 6. Udhaifu wa voliumu ya dijitali uko kwingine: hushusha muziki peke yake, na kelele ya DAC yenyewe inabaki ilivyo. Ukitaka vyote viwili vishuke, lazima ushushie nje, baada ya DAC na kabla ya amplifaya. Desibeli 12 zikikatwa hapo, kelele ya 27 inakuwa ya 15, na sikio la binadamu haliichukui tena katika nyumba yenye watu.

Kwa hiyo dawa ya kishindo na dawa ya mlio ni moja, nayo ni kupunguza.

Santuri: hapa fundi alikuwa karibu na haki

Mzee aliwahi kuchomeka mashine ya santuri moja kwa moja kwenye Quad. Sindano yake, ya aina ya sumaku inayocheza, hutoa kama milivolti 5. Mara 57, hiyo ni volti 0.28 kwenye spika: sehemu moja ya mia ya wati. Ndiyo maana ilisikika kwa mbali.

Udogo wa sauti ni nusu tu ya tatizo. Santuri haichongwi jinsi muziki ulivyo. Besi hupunguzwa wakati wa kuchonga, la sivyo mfereji ungepinda mno na upande mmoja ungejaa upesi. Trebo huongezwa, ili wakati wa kupiga ishushwe pamoja na mkwaruzo wa plastiki. Kipimo cha kurudisha mambo mahali pake ni RIAA, kilichokubaliwa Marekani mwaka 1954 na baadaye kikawa cha dunia nzima: kwenye hezi 20 besi huinuliwa karibu desibeli 19, na kwenye hezi 20,000 trebo hushushwa karibu desibeli 20. Amplifaya ya nguvu haijui habari hiyo. Ikipewa santuri itatoa besi pungufu mara tisa na trebo iliyozidi mara kumi, na ndiyo ile sauti nyembamba aliyokuwa akiilalamikia.

Kazi hii haikuwa na mfanyaji, na haikwepeki. Lakini inayohitajika ni priamplifaya ya santuri peke yake, kisanduku cha ukubwa wa kiganja: mlango wa kilo-ohm 47, ukuzaji wa mara 100, na RIAA ndani. Milivolti 5 zinatoka zikiwa nusu volti kwa wastani wa mchongo, na vilele vyake vinazidi volti 1. Tazama tena mlango wa Quad unavyotaka: nusu volti. Hata santuri, ikishapita kwenye kisanduku hicho, haina haja ya kukuzwa tena. Nayo pia inahitaji kupunguzwa.

Nilimwambia Mzee jambo hili mara mbili kwa sababu watu wengi hulipindua. Kuwa na santuri hakumaanishi unahitaji priamplifaya kubwa. Kunamaanisha unahitaji chumba cha santuri, popote kitakapokaa.

Je, basi DAC na amplifaya tu?

Wapo wanaopenda njia fupi kuliko zote: DAC yenye voliumu yake, waya, amplifaya ya nguvu, basi. Kwa mtu mwenye chanzo kimoja na umeme usiokatika ningesema sawa. Kwa Mzee nilikataa, na sababu kubwa ni umeme.

DAC yake ukiirudishia umeme baada ya kukatika huamka na voliumu ya asilimia 100. Tulijaribu, spika zikiwa zimechomolewa, na skrini ilionyesha hivyo waziwazi. Sasa fikiria: umeme umekatika katikati ya wimbo saa tatu usiku, swichi ya amplifaya imebaki imewashwa, umeme unarudi, na programu ya simu inaendelea pale ilipoishia. Wati 100 kwa kila upande kwenye spika ambazo hazikupangiwa hayo, na mjukuu amelala sebuleni. Voliumu ya kuzungusha kwa mkono hukaa ulipoiacha, umeme uwepo usiwepo. Kwangu mimi hiyo peke yake ilitosha kuamua kwamba lazima kuwe na kizungushio cha kweli kati ya DAC na Quad.

Kazi ya kuchagua nayo ilikuwepo: DAC au santuri. Televisheni haikuhesabiwa, kwa kuwa inaingia DAC kwa waya wa mwanga.

Tulichojenga

Sanduku la bati lisilo na umeme wowote. Ndani yake mna swichi ya kuchagua vyanzo viwili, rezista nne, na potenshiometa (kizungushio cha sauti) moja ya stereo ya kilo-ohm 10, aina ya logi. Kwa kila upande, baada ya swichi, kuna rezista ya kilo-ohm 6.8 kwenye njia ya sauti na ya kilo-ohm 2.7 inayokwenda ardhini. Pamoja na potenshiometa, viwili hivyo huzishusha volti 2 hadi kama 0.48, yaani zile desibeli 12 zilizozidi. Kizungushio kikiwa wazi kabisa, Quad inapata ilichoumbiwa kupata.

Uchaguzi wa kilo-ohm 10 haukuwa wa kubahatisha, na hapa ndipo masanduku ya namna hii huharibiwa na watu. Madukani potenshiometa za kilo-ohm 50 na 100 ndizo zilizojaa. Mlango wa Quad 405 una impidansi (ukinzani kwa umeme wa sauti) ya kilo-ohm 20, ambayo ni ndogo. Potenshiometa ya kilo-ohm 50 ikifika pale inapogawa nusu kwa nusu ina impidansi ya kutoka ya kilo-ohm 12.5, na mlango wa 20 utaivuta chini kwa zaidi ya desibeli 4, mzunguko wa kizungushio ukienda kombo. Ikiwa na waya wa mita 5 wenye pikofaradi 100 kwa kila mita, itaanza kula trebo pia: kwenye hezi 20,000 karibu desibeli 1 itakuwa imepotea. Mtu atasema "sanduku lisilo na umeme linafifisha sauti", kumbe kosa ni la namba. Kwa sanduku letu impidansi ya kutoka haizidi kilo-ohm 3, waya ni wa mita moja, na upotevu wa trebo hauko mahali ambapo sikio linafika.

Upande wa vyanzo tuliangalia pia. Sanduku linaonekana kwa chanzo kama mzigo wa karibu kilo-ohm 9. DAC haijali. Kisanduku cha santuri kina kapasita kwenye njia ya kutokea, na kapasita hiyo ikiwa ndogo, besi itakatwa. Ikiwa ya mikrofaradi 1, kwa mzigo wa kilo-ohm 9, mkato unaanzia karibu hezi 18, ambako hakuna muziki wa kuupigania. Ingekuwa tumeweka rezista ndogo nusu ya hizi, mkato ungepanda hadi hezi 36 na gitaa la besi lingeanza kulegea. Watu huhesabu trebo na kuisahau besi.

Waya mwembamba wa ardhi wa mashine ya santuri ulifungwa kwenye skrubu ya kisanduku cha santuri. Bila huo, mvumo wa umeme ungeingia wote. Na kabla ya kuunganisha spika tulipima volti za DC kwenye vituo vya kutokea vya Quad, jambo la lazima kwa amplifaya ya umri huu. Zilikuwa milivolti chache tu.

Baada ya kuwasha, kizungushio cha sauti kilikaa kati ya saa tano na saa sita usoni mwa sanduku kwa usikilizaji wa kawaida, na DAC ikaachwa wazi kabisa. Hapo ndipo kizungushio kinapotakiwa kukaa, kwa sababu potenshiometa za logi huachana kushoto na kulia zikiwa mwanzoni kabisa mwa mzunguko. Mzee aliweka santuri ya 45 ya Mzuri, lebo ya Assanand & Sons wa Mombasa, taarab. Besi ilikuwepo. Alisikiliza upande mzima, akageuza, akasikiliza wa pili, ndipo akauliza, "Sasa priamplifaya iko wapi hapa?" Nikamwonyesha kisanduku cha santuri na sanduku la bati. Kazi zake zimegawanywa humo.

Mahali ambapo priamplifaya kamili ingeshinda

Sitaki msomaji aondoke akidhani priamplifaya ni upuuzi. Kama Mzee angekuwa na vyanzo vitano, kama angetaka rimoti, kama amplifaya ingekuwa mbali na vyanzo kwa mita kumi na kitu, ningemwambia anunue yenye umeme na impidansi ndogo ya kutoka, na ningemwelekeza kwenye zile zisizokuza sana. Nilifikiria hata kumtafutia Quad 33 au 34 ili aunganishe watu wa nyumba moja. Zina santuri ndani, zina besi na trebo. Niliacha kwa sababu kapasita za umri huo zingedai kazi ya fundi upya, na kwa sababu 33 ilisanifiwa miaka 15 kabla ya CD, milango yake ikitegemea redio na tepu.

Na liko jambo moja ambalo sanduku letu haliwezi. Mzee ana santuri chache za 78 alizorithi kwa bibi yake, za miaka ile ya waimbaji wa mwambao waliorekodiwa na kampuni ya santuri ya HMV, kama Siti binti Saad aliyekwenda Bombay mwaka 1928. Santuri hizo zimechongwa kabla ya RIAA kuwepo. Trebo yake haikuongezwa kama ilivyoongezwa baadaye, kwa hiyo RIAA inaishusha bure, karibu desibeli 14 kwenye hezi 10,000, na besi inainuliwa kuanzia juu zaidi kuliko inavyostahili. Sauti inatoka nzito, imefunikwa. Priamplifaya yenye vizungushio vya besi na trebo ingesaidia, na yenye kuchagua mikondo ya zamani, yaani vipimo vya kabla ya RIAA, ingesaidia zaidi.

Kwa santuri chache haikustahili gharama hiyo. Tulikubaliana zirekodiwe kwenye kompyuta kupitia kisanduku hichohicho, kisha mkondo usahihishwe kwa programu, na nakala ziwekwe kwenye simu zisikilizwe kupitia DAC. Kabla ya hapo inatakiwa sindano nyingine. Mfereji wa 78 unahitaji ncha ya mikroni 75 hivi, wakati ile iliyopo, ya mikroni 18, inaburuza chini kabisa ya mfereji, ambako kumejaa vumbi la miaka. Sindano hiyo bado inatafutwa, na santuri za bibi zitabaki kwenye mifuko yake mpaka ipatikane.